Presha na kisukari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayoulizwa kwenye benchi la kliniki ya presha na kisukari. Mengine huulizwa kwa sauti mbele ya watu, mengine mgonjwa huyanong'ona akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Nimeyaacha kwa maneno ya wanaouliza. Majibu ni ya kukusaidia kuelewa. Kubadilisha dozi au kuacha dawa ni jambo la kuongea na daktari mwenye vipimo vyako mkononi.

Zile namba mbili za presha zina maana gani?

Moyo unaposukuma damu, damu inagandamiza kuta za mishipa. Namba ya juu ni mgandamizo wa wakati moyo unasukuma, ya chini ni ya wakati moyo umelegea na kujaa damu tena. Kwa mtu mzima, 120/80 kushuka kidogo ni nzuri. Ukipimwa umetulia, siku mbili tofauti, na siku zote mbili namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda. Namba moja kati ya mbili inatosha. Si lazima zote zivuke.

Wenzetu wa Marekani tangu 2017 wanahesabu kuanzia 130/80. Ndiyo maana ndugu yako aliyeko kule anaweza kuambiwa ana presha kwa namba ambayo hapa angeambiwa apunguze chumvi, afanye mazoezi na arudi kupimwa.

Mimi presha yangu ni ya kushuka. Hiyo si ndiyo mbaya zaidi?

Mtaani presha imegawanywa mafungu mawili, na kila mtu anajua lake. Ugonjwa sugu unaotujazia wodi ni ule wa kupanda. Msichana mwembamba mwenye 95/60 anayefanya kazi zake bila shida hana ugonjwa, mwili wake ndivyo ulivyo. Presha ikishuka ghafla huwa kuna sababu ya kutafutwa: kuharisha na kutapika, kupoteza damu, maambukizi makali, au dozi iliyozidi.

Kinachoniumiza ni pale mwenye presha ya kupanda anapopata kizunguzungu, akajiambia imeshuka, akalamba chumvi, na vidonge vya siku hiyo akaviacha. Kizunguzungu hakisemi presha iko juu au chini. Inaweza hata kuwa njaa, au malaria. Tafuta mashine kwanza, ndipo uamue.

Sisikii maumivu yoyote. Mnaniita mgonjwa kwa lipi?

Swali hili ndilo limebeba mengine yote. Tumezoea ugonjwa unaojitangaza: malaria inatetemesha, jino linakesha nawe, ukimeza dawa maumivu yanaondoka na unajua umepona. Presha haina tabia hiyo. Inaweza kukaa miaka mingi ikikaza mishipa midogo ya figo na ya macho, ikiulazimisha moyo usukume kwa nguvu hadi msuli wake unenepe, na wakati huo wote unalima, unafungua duka, unacheza harusini. Sukari iliyozidi kiasi nayo hukaa kimya vivyo hivyo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya kupanda, na karibu nusu yao hawakujua. Kwa kisukari, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa kanda ya Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huo, zaidi ya nusu yao wakiwa hawajagundulika. Wengi wanagundulika walipokuja kwa jambo jingine: kung'oa jino, kliniki ya wajawazito, kumsindikiza mgonjwa. Wengine wanagundulika wameshapooza upande mmoja.

Kwa hiyo usisubiri kichwa kiume. Maumivu ya kisogo ambayo watu huyaita presha huwapata wasio na presha, na huwakosa wenye 180. Ukifika miaka 40 pima kila mwaka. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anao ugonjwa huu, anza mapema zaidi.

Nipimweje ili namba iwe ya kweli?

Umeshuka kwenye daladala, umetembea juani, umepanda ngazi, umekaa tu mkono ukafungwa kitambaa cha mashine juu ya shati zito huku unajibu simu. Namba itakayotoka hapo si ya kuanzishiwa dawa. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Mkono uwe wazi, na kitambaa kikutoshe. Kidogo kikifungwa kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo. Usiongee. Pima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, uandike vyote na tarehe.

Wapo ambao presha inapanda kwa kuona tu koti jeupe, wakirudi nyumbani inatulia. Daftari la vipimo vya nyumbani linamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha kliniki. Mashine ya kuvaa mkononi juu ya kiwiko ni bora kuliko ya kwenye kifundo cha mkono.

Kisukari kinaanzaje kuonekana?

Kiu isiyoisha, kuamka usiku mara nyingi kukojoa, kupungua mwili bila sababu, uchovu, macho kuona ukungu, kidonda kinachokataa kupona, fangasi za sehemu za siri zinazorudi kila zikitibiwa. Wapo waliostuka baada ya kuona sisimizi wamejaa pale walipokojoa. Hilo lina ukweli: sukari ikizidi kwenye damu, figo zinaimwaga kwenye mkojo. Ila kutoona sisimizi si kipimo cha uzima, maana hapo sukari inakuwa imeshapanda sana. Aina ya pili ya kisukari, ambayo ndiyo ya watu wengi, inaweza kukaa miaka bila dalili hata moja.

Aina ya kwanza ni jambo jingine kabisa, na ningependa kila mzazi alijue. Huwapata zaidi watoto na vijana, pale kongosho linapoacha kutengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Mambo yanakwenda kwa siku au wiki chache. Mtoto aliyekwishaacha kukojoa kitandani anaanza tena, anakunywa maji kupita kiasi, anakonda huku anakula. Kisha anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu, na pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoiva sana. Mtoto huyu mara nyingi anatibiwa malaria au minyoo huku saa zinakwenda. Omba apimwe sukari hapo hapo. Ni tone moja la damu. Bila insulini mtoto huyo hufa, kama walivyokufa wote kabla ya Januari 1922, wakati kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipochomwa insulini kwa mara ya kwanza huko Toronto.

Namba gani ya sukari ndiyo kisukari?

Ukiwa hujala kwa saa nane au zaidi, sukari ya milimoli 7.0 kwa lita na kuendelea. Wakati mwingine wowote, 11.1 na kuendelea, pamoja na dalili. Kipimo cha HbA1c, ambacho wagonjwa wetu hukiita cha miezi mitatu kwa kuwa kinaonyesha wastani wa sukari ya muda huo, ni asilimia 6.5 na kuendelea. Kama huna dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla hujapewa jina la ugonjwa. Aliye kati ya 6.1 na 6.9 kabla ya kula hajafika, lakini yuko njiani, na huyu ndiye anayefaidika zaidi na kutembea na kupunguza kitambi.

Angalia mambo mawili. Mashine zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani zinasoma kwa kipimo kingine. Ukiona 126 usikimbilie hospitali usiku, gawanya kwa 18 utapata 7.0 ile ile. La pili, mwenye selimundu au upungufu wa damu anaweza kupata majibu ya HbA1c yasiyo sahihi. Huku kwetu hali hizo ni nyingi, kwa hiyo mwambie daktari mapema.

Nimeupata kwa kupenda vitu vitamu?

Si hivyo tu. Katika aina ya pili insulini ipo, lakini mwili umeacha kuiitikia vizuri, na mafuta ya tumboni yana mchango mkubwa. Chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno usawa wa kitovu: mwanaume akizidi sentimita 94, au mwanamke akizidi 80, hatari imeanza kupanda. Ongeza umri, ukoo, kazi ya kukaa kutwa, pombe na tumbaku. Mama aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito yuko hatarini kupata kisukari baadaye, na aliyewahi kupata kifafa cha mimba yuko hatarini kupata presha, hata kama baada ya kujifungua vipimo vilirudi sawa.

Ugumu mmoja wa kwetu ni maneno ya watu. Kitambi kinasifiwa kuwa maisha yamekubali. Mtu akipungua kilo sita kwa juhudi zake, majirani wanaanza kumuuliza anaumwa nini, na wengine wanajijibu wenyewe. Nimeona watu wakirudia kula ili tu minong'ono iishe. Familia ikijua kwa nini baba anapungua, inaweza kumsimamia.

Nikianza vidonge vya presha ndiyo siwezi kuacha tena?

Watu wanaogopa vidonge kuliko presha yenyewe. Ugonjwa ndio wa muda mrefu, na dawa inaufuata. Kidonge cha presha hakikufanyi uwe mtumwa wake.

Inavyokuwa ni hivi. Mtu anakuja na 170/100, anapewa dawa, mwezi ujao ana 128/80. Anafurahi, anasema amepona, anaacha. Hakuna kinachouma, kwa hiyo anaona aliamua vizuri. Baada ya miezi analetwa na 190. Ile 128 haikuwa kupona, ilikuwa dawa inafanya kazi. Wapo wanaopunguziwa dozi, na wachache wanaachishwa kabisa, baada ya kupungua uzito na kupunguza chumvi na pombe. Lakini daktari anapunguza hatua kwa hatua huku anapima. Hata kisukari cha aina ya pili, kikiwa kichanga na mtu akapungua sana, sukari inaweza kukaa sawa bila dawa, na bado mtu huyo anapaswa kuendelea kupimwa.

Kuna tabia nyingine naiona karibu kila siku ya kliniki: mgonjwa anaacha kidonge asubuhi ile ili tuione presha yake halisi. Tunachotaka kuona ni presha yako ukiwa na dawa. Ukija bila kumeza, namba inapanda, daktari anaongeza dozi usiyoihitaji, wiki ijayo unaanguka bafuni. Meza na maji. Ambaye ameambiwa aje hajala kwa ajili ya kipimo cha sukari, yeye vidonge vyake vya sukari aje navyo pamoja na chakula, avimeze akishatolewa damu.

Dawa zinanisumbua. Nivumilie?

Usivumilie kimya kimya wala usiache kimya kimya. Metformini, dawa ya kisukari, inaweza kuharisha na kujaza gesi. Imeze na chakula, na mara nyingi hutulia dozi ikianza ndogo. Kwa dawa za presha, amlodipini inaweza kuvimbisha miguu. Kaptoprili, enalaprili na lisinoprili huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kikohozi, nao hubadilishiwa, mara nyingi kwenda losartani. Midomo au ulimi ukivimba ghafla baada ya dawa hizo, hiyo ni dharura. Dawa ya kukojoza imeze asubuhi, usiku ulale.

Dawa ambayo watu hawaisemi kabisa wakija kliniki ni ya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kama karanga kwa ajili ya mgongo na magoti, hupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mzee mwenye kisukari. Ukiona presha haishuki pamoja na kumeza dawa vizuri, anza kuangalia hapo.

Vipi kuhusu mlonge, kitunguu saumu na choya?

Vyakula ni vyakula, kula. Choya isiyo na sukari inaweza kushusha presha kidogo, lakini haimtoshi mtu wa 170. Ninachokataa ni unga usio na jina unaouzwa kwa ahadi ya kumaliza kisukari kabisa ndani ya wiki tatu. Hujui kuna nini ndani, na baadhi ya dawa za namna hiyo duniani zimekutwa zimechanganywa kimyakimya na vidonge vya kawaida vya hospitali. Kama unatumia chochote, tuambie. Hatukugombezi, tunataka kujua kwa nini vipimo vya figo vimebadilika.

Nile nini sasa, maana mmekataza kila kitu?

Hakuna aliyekataza kila kitu. Gawa sahani: nusu iwe mboga, mchicha, tembele, kisamvu, bamia, kabichi, robo iwe maharage, samaki, kuku au yai, robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au viazi. Kwetu mara nyingi ni kinyume, ugali umejaa sahani na mboga ni ya kuchovyea. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ina nyuzinyuzi, lakini ni wanga vilevile. Kuna wagonjwa walioambiwa wale dona, wakaelewa wale watakavyo. Ugali wote wa mlo mmoja usizidi ngumi yako.

Vinywaji ndivyo vinavyoharibu haraka. Soda ya chupa ya mililita 300 inaweza kuwa na gramu 30 za sukari na zaidi. Juisi ya nyumbani ina sifa nzuri isiyostahili kwa mwenye kisukari: maembe matatu usingeyala kwa mkupuo, ila kwenye glasi yanapita. Kula kipande cha embe, acha juisi. Asali ni sukari. Chai ya vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko kumi na viwili kabla hujala chochote kitamu.

Kwa presha, chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa jumla ya vyote ulivyokula: iliyopikiwa, iliyo kwenye mkate, kwenye viungo vya pakiti, kwenye achari, kwenye ng'onda na papa mkavu. Chumvi ya kuongeza mezani iondoke mezani. Akina mama wanaofanikiwa hawapiki vyungu viwili. Wanapunguza chumvi ya nyumba nzima kidogo kidogo, wiki hadi wiki, wakiongeza ndimu, tangawizi, kitunguu na pilipili, na mwezi ukiisha hakuna aliyelalamika. Chakula cha mgonjwa kinachopikwa peke yake hudumu siku chache, mpishi anachoka na mgonjwa anajiona kafungwa jela.

Mazoezi: kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki kunatosha. Nusu saa, siku tano. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo ndio huo.

Nikitetemeka na kutoka jasho ghafla, nifanye nini?

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, hiyo inaweza kuwa sukari kushuka, na hii inaua haraka kuliko kupanda. Moyo unakwenda mbio, njaa kali, jasho baridi, mtu anakuwa mkali bila sababu au anaongea yasiyoeleweka. Pima, ikiwa chini ya 4, au huna mashine, tibu hapo hapo: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Ikipanda kula kitu cha kushikilia, ndizi au mkate. Aliyepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Kisha mwambie daktari, maana dozi au saa za kula zinahitaji kuangaliwa.

Sindano ya insulini si ndiyo hatua ya mwisho?

Imani hii imetokana na watu kuanza insulini wakiwa wamechelewa sana, figo zimekufa au mguu umeoza, wakafariki, na sindano ikabeba lawama. Kwa aina ya kwanza insulini ni ya siku ya kwanza. Kwa aina ya pili, kongosho huchoka miaka ikienda, na kuongezewa insulini si adhabu ya kula vibaya.

Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na barafu. Iliyoganda tupa, hata ikiyeyuka. Uliyoifungua kwa kawaida hutumika wiki nne hivi mahali pa baridi bila friji. Wasio na friji hutumia mtungi: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati unaoloweshwa maji asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Chupa ifungwe kwenye mfuko isilowe. Mtungi hauifikii baridi ya friji, lakini unaikinga dhidi ya joto la bati, na joto ndilo linaloiharibu. Badilisha mahali pa kuchoma kila mara. Wanaochoma sehemu moja tu hupata uvimbe mgumu, na insulini haifyonzwi vizuri pale.

Ramadhani naweza kufunga?

Njoo wiki sita au nane kabla ya mwezi, si siku ya mwandamo. Wapo wanaofunga salama kwa vidonge vilivyopangwa upya. Wapo tunaowaomba wasifunge: wengi wenye aina ya kwanza, mjamzito anayetumia insulini, mwenye figo zilizodhoofika, aliyewahi kuanguka kwa sukari kushuka miezi ya karibuni. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya dini yenyewe, na shehe wako atakuambia hivyo hivyo.

Ukifunga, endelea kupima mchana; kwa wanazuoni wengi tone la damu la kidole halibatilishi funga. Sukari ikiwa chini ya 4 au ikivuka 16.6, fungua hata kama zimebaki dakika kumi za magharibi. Daku ichelewe, isiachwe. Na futari ya pwani ni mtihani: tambi za sukari, kaimati, vitumbua, mihogo ya nazi, viazi vitamu na uji mtamu, vyote kwenye mkeka mmoja. Anza na maji na tende moja au mbili, kisha chagua wanga mmoja wa jioni ile badala ya kuonja kila bakuli.

Kwa nini kila mara mnataka kuangalia miguu?

Kwa sababu mguu wenye ganzi haulalamiki. Mtu anakanyaga msumari wa kandambili, anatembea nao siku mbili, anaonyeshwa na mjukuu alipoona damu. Kila jioni keti, angalia nyayo na katikati ya vidole. Macho yakiwa hafifu, mtoto aangalie, au tumia kioo. Usitembee pekupeku hata uani. Usiloweke miguu kwenye maji ya moto wala kuiweka karibu na jiko ukihisi baridi, hutasikia ikiungua. Kata kucha moja kwa moja, usichimbe pembeni. Kidonda kikitokea, hata kidogo, njoo siku hiyo. Asali, unga wa mkaa na dawa ya meno vimetuchelewesha sana.

Macho yapimwe kwa ndani kila mwaka, na mkojo uangaliwe protini, hata kama unaona vizuri na unakojoa vizuri.

(Mlangoni, kwa sauti ya chini) Na nguvu za kiume?

Umefanya vyema kuuliza. Kisukari na presha huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na uume ni sehemu inayoonyesha mapema. Wakati mwingine ni dalili ya kwanza kuwa mishipa ya moyo nayo iko hivyo. Baadhi ya dawa za presha huchangia, na zinaweza kubadilishwa. Wanaume wengi wanaacha dawa kwa sababu hii bila kumwambia mtu, mke anabaki kudhani ana mwingine. Matibabu yapo. Lakini usinunue vidonge vya nguvu mitaani: vikikutana na dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, presha inaanguka vibaya na mtu anaweza kufa.

Nina presha na nataka mtoto.

Tuambie kabla ya mimba. Losartani, enalaprili na jamii zake zinamdhuru mtoto tumboni na hubadilishwa na zilizo salama zaidi, kama methildopa au nifedipini. Ukishajikuta mjamzito usiache dawa mwenyewe, njoo wiki hiyo hiyo.

Nitajuaje kiharusi, na nimpeleke wapi mtu?

Mwambie atabasamu: mdomo unakwenda upande? Mwambie anyanyue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Mwambie ataje jina lake na siku ya leo: maneno yanakokota? Moja tu kati ya hayo likitokea ghafla, hospitali, sasa. Angalia saa na ukumbuke mara ya mwisho alipoonekana mzima. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa hospitali zenye nayo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu na baada ya picha ya kichwa. Usimpe aspirini, maana kiharusi kingine ni cha kuvuja damu na utakizidisha. Usimpe chakula wala maji, wala usimuongezee vidonge vya presha, wala kumchanja vidole.

Watu wanasema amepigwa na jini, na wanaanzia kwa mganga. Sitaki kubishana na imani ya mtu akiwa na hofu. Namwomba dua iombwe ndani ya gari likielekea hospitali. Na dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika kumi, bado aende. Hilo ni onyo, na kiharusi kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Hela imekata na dawa zimeisha. Nifanyeje?

Sema. Usigawe dozi kwa kumeza siku moja na kuruka nyingine, na usichukue za jirani, ugonjwa wake si wako. Dawa nyingi za msingi, metformini na amlodipini zikiwemo, zina matoleo ya bei nafuu. Omba kwa jina la dawa, si la kampuni, na muulize daktari kama kuna ya gharama ndogo inayofanya kazi ile ile. Kama una bima, uliza dawa ipi inatolewa kituo gani kabla ya kwenda, kuepuka nauli ya bure. Ukisafiri kijijini msibani, beba za siku kumi zaidi.

Na siku ya kliniki njoo na mfuko wa dawa zote ulizonazo nyumbani, vikiwemo vidonge ulivyoacha na ile chupa ya dawa ya mizizi. Tunavimwaga mezani, tunavihesabu pamoja, na mara nyingi tunapata palepale kwa nini presha haijashuka.